Papa Athanase Mbusa na Safari ya Mera

Baba Padri, ndugu zetu wa Kongo na Burundi, majirani wa Malvern, wateja wa Pinetown, na wewe uliyeingia kwa sababu umeona watu wengi, karibuni wote leo Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025. Mimi ni Ruphin, mdogo wake Mama Huguette, na familia imenituma nisome maisha ya shemeji yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, wakaniapisha nisome karatasi tu nisiongeze maneno yangu, nami nimeapa, ila karatasi yenyewe nimeiandika mimi.

Papa Athanase Mbusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mutwanga, upande wa Beni, Kivu ya Kaskazini, chini kabisa ya mlima Ruwenzori, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto tisa wa mkulima wa kahawa. Mlima ulikuwa mlangoni kwao, lakini kwa kuwa mawingu ya kule hayana adabu, theluji ya kileleni aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka saba, kwa dakika kama kumi, siku aliyotumwa kununua chumvi, na chumvi hiyo mpaka leo haijafika nyumbani.

Alianza shule ya msingi ya misheni Septemba 1972, akamaliza Juni 1978, akaingia sekondari mjini Beni, akasoma miaka mitatu, akaacha mwaka 1981 baba yake alipofariki. Jografia alikuwa akipata themanini kwa mia, hesabu sitini, na Kifaransa tusikitaje, mwalimu wake mmoja bado yuko hai na ana watsapu.

Januari 1984, akiwa na miaka kumi na saba, alianza kazi ya kubeba mizigo ya watalii kutoka Mutsora kupanda Ruwenzori, kilo ishirini na mbili mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kibanda cha kwanza, cha pili, mpaka kibanda cha Kiondo kilicho mita elfu nne na mia mbili. Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana maisha yake yote yamekaa hapo: Kiondo ndipo mbeba mizigo anapoishia. Wageni na kiongozi wao wanafunga vyuma kwenye viatu wanaenda kileleni, mbeba mizigo anabaki anachemsha chai, anangoja warudi, anawapigia makofi, anajitwisha mzigo, anashuka. Siku moja alimwomba kiongozi, "Chef, leo na miye nifike," akajibiwa, "Ukifika weye, chai atapika nani?" Kwa miaka kumi na miwili, mpaka vita vya mwaka 1996 vilipowafukuza watalii, alifika Kiondo mara mia moja na tatu, alizihesabu mwenyewe, na kileleni mara sifuri.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na dada yangu Huguette katika parokia yetu ya Beni. Siku ya kupanga mahari mjomba wetu alimuuliza, "Kijana, unafanya kazi wapi?" akasema mlimani, akaulizwa, "Umeshafika juu?" akajibu, "Karibu." Mjomba akamwambia, "Basi sikia, mbuzi wako wakifika karibu, na binti wetu atafika karibu." Mbuzi walifika wote, tena na mmoja wa ziada.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Deborah aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1995, Hardy tarehe 19 Novemba 1998, wote wawili Beni, na Jeancy aliyezaliwa hapa Durban tarehe 27 Aprili 2006, ambaye ndiye peke yake nyumbani anayeongea Kizulu bila kutupa mikono.

Hali ilipozidi kuwa mbaya alitoka Beni Oktoba 2001, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji, akaingia Durban tarehe 6 Juni 2002, akalinda magari ufukweni, kisha kuanzia mwaka 2003 akasukuma mikokoteni ya mizigo pale Warwick Junction, na mke wake na watoto wakamfuata mwaka 2004. Machi 2010 alifungua kibanda chake Pinetown, karibu na stendi ya taxi, cha kushona mabegi na masanduku, na wengi wenu mlioko hapa mmevuka mipaka ya Afrika na zipu alizoziweka yeye.

Mei 2022 aliletewa begi la mgongoni lililokatika mkanda, na mwalimu mmoja mstaafu wa Queensburgh, mama wa miaka sitini na saba, aliyekuwa ametoka Nepali. Mama huyo alimweleza kwamba kwenye Himalaya kuna vilele ambavyo serikali ya kule inamruhusu mtu wa kawaida kabisa apande, mradi awe na kibali, kiongozi na pumzi, na kwamba yeye mwenyewe alifika kwenye kimoja kiitwacho Mera, mita elfu sita mia nne sabini na sita, akalia kidogo, akapiga picha, akashuka. Shemeji aliniambia kwamba aliiacha sindano ndani ya begi la watu akafunga kibanda saa nane mchana. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu, kufika kileleni yeye mwenyewe kabla mwili haujamkatalia.

Sisi ndugu zake tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, hilo nalikiri mbele ya jeneza. Nilimwambia, "Shemeji, hata friji yako unaifungua umevaa jaketi, hiyo baridi utaiweza?" akanijibu, "Ruphin, weye unapanda jukwaa la mita moja na unatoka jasho, nyamaza." Alinunua daftari, akaandika kila kitu, siku ngapi kutembea toka uwanja mdogo wa ndege mpaka kijiji cha mwisho, siku ngapi kukaa bure ili damu izoee hewa nyembamba, kamba, kofia, glovu za ndani na za nje. Alipata kiongozi wa kulekule Nepali anaitwa Dawa, wakawa wanaandikiana kila wiki, Deborah akiwatafsiria Kiingereza, na wiki tatu nzima zilikwisha kwa ugomvi mmoja: Dawa anasema kila mteja lazima awe na mbeba mizigo, Athanase anasema hawezi kutembea mikono mitupu mtu mwingine anahema nyuma yake. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba huyo mbeba mizigo naye apelekwe kileleni, na Dawa akajibu kwa heshima kabisa, "Bwana, huyo ameshafika Mera mara kumi na moja, anaomba mara hii abaki chini apumzike."

Mazoezi yalianza Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, kwenye ngazi za ghorofa yetu ya Malvern, orofa sita, begi limejaa unga wa mahindi kilo kumi na tano, na Mama Huguette nyuma yake, kwa kuwa daktari wa kliniki alimwambia dada yangu kwamba sukari yake inataka kutembea. Jirani yetu Gogo MaNgubane, gogo ni bibi kwa Kizulu, akimwona mwanaume kila alfajiri mlangoni na begi kubwa, alimwuliza, "Uyaphi, baba?" unakwenda wapi, naye akajibu kwa Kizulu chake kwamba anakwenda mbali sana. Gogo akabisha hodi kwa dada yangu akiwa na sahani ya jeqe, mkate wao ule wa kupika kwa mvuke, akamsihi kwa machozi, "Mwanangu, mrudishe mumeo, wanaume wazuri wamebaki wachache."

Septemba 2023 tulikwenda kujaribu kwenye milima ya Drakensberg, yeye, dada yangu, mimi, na Papa Onesphore mzee wa jumuiya yetu, mpaka mahali penye ngazi mbili za chuma zilizoning'inizwa kwenye jabali. Tulipofika chini ya ngazi, shemeji yangu, ambaye ndiye aliyetuleta, akatua begi lake, akapokea na mabegi yetu, akayapanga kwa mstari, akawasha jiko la gesi, akasema, "Haya, nendeni salama, mukirudi chai iko tayari." Hakuwa anatania. Miguu yake ilifika mahali palipofanana na Kiondo, ikasimama yenyewe. Mama Huguette alimtazama, akatazama birika, akasema, "Weye Athanase! Nani amekutuma chai?" akazima jiko, akashika chuma akapanda wa kwanza bila kugeuka, na yeye akamfuata mkewe. Juu kule ni tambarare, ng'ombe wangeweza kucheza mpira, shemeji akazunguka akitafuta ncha, akatuambia, "Ni pazuri, lakini hapa si kileleni."

Basi akaanza kuweka akiba, na tarehe ikawekwa, kuondoka Durban tarehe 10 Oktoba 2025.

Ugonjwa ulimkuta Jumatatu tarehe 17 Februari mwaka huu, orofa ya nne, kifua kikambana, akalazwa siku sita hapa Durban, na daktari akamwambia moyo umechoka, dawa atakunywa, kibandani atafanya kazi, lakini milima mirefu basi. Akauliza, "Daktari, na nikipanda polepole sana?" Daktari akamjibu, "Baba, huo moyo ukipanda polepole utafika polepole mahali pengine." Alirudi nyumbani akiwa na karatasi ya daktari mfukoni, akaiweka mezani tukaisoma wote, hakuficha, akala, akalala.

Lakini daftari hakulifunga, na Dawa sasa alimwandikia mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kibandani, bila Deborah. Wiki mbili baadaye alikuwa tena kwenye ngazi alfajiri, safari hii amekaa kwenye ngazi ya chini na saa mkononi, akimwambia mkewe, "Panda weye kwanza, miye nakuja," na haji. Kila alfajiri, toka Machi mpaka Agosti, "Panda kwanza, nakuja." Begi likahamia mgongoni kwa mkewe, na unga ukaongezwa. Mara akampeleka dada yangu kliniki apimwe sukari, wakampima na moyo, na mapafu, na masikio, dada yangu akauliza, "Sukari inakaa mpaka kwenye masikio?" akajibiwa kwamba siku hizi ndivyo. Mara akamwambia pasi yake ya kusafiria itapitwa na wakati, akasimama naye foleni mpaka ikapatikana mpya. Mimi nilikwenda kumgombeza, nikamwambia, "Shemeji, safari imekufa, unatafuta nini na hawa watu wa Nepali?" akanitengenezea kiti, akaniuliza habari za watoto.

Papa Athanase alifariki Jumapili iliyopita tarehe 10 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani, akijiandaa kwa misa, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Siku ya Jumanne, nyumba imejaa watu wa matanga, simu yake ikalia, Deborah akasoma, akaniita jikoni. Ilikuwa Dawa, naye hakujua habari za msiba. Aliandika hivi: Madam Huguette Mbusa, karatasi zako zote zimetimia, cheti cha afya ni kizuri sana, kibali kitatoka kwa jina lako kama mume wako alivyopanga nasi mwezi wa Machi, tafadhali tutumie saizi ya viatu. Nilisoma mara tatu. Yule mtu hakuwa anaendelea na safari iliyokufa, alikuwa amejifuta jina yeye mwenyewe, akaliandika la mkewe, akakaa miezi mitano chini ya ngazi akimfundisha pumzi bila kumwambia, kwa kuogopa kwamba akijua mapema atakataa kumwacha mgonjwa nyumbani.

Siwezi kuwaficha kwamba familia iligawanyika. Papa Onesphore alisema, na alisema kwa upendo, "Mjane wa miezi miwili apande barafu? Watu watasema tumemtupa." Hardy akasema mama atakufa kule, Jeancy akasema mama anatushinda sote kwenye ngazi, mimi nikasema tungoje mwakani, na tulibishana kana kwamba mwenyewe hayupo, kumbe amekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwetu, amefunika kichwa, anasikia yote. Akafunua kitambaa akasema, "Miaka thelathini na moja nimelala karibu na mwanaume anayeota jambo moja, na mimi sijui hilo jambo linafanana na nini. Matanga tutayamaliza mwezi wa tisa kama desturi. Deborah, lete simu." Akanipa mimi simu niandike, nikauliza niandike nini, akasema, "Mwandikie thelathini na tisa. Na umwambie mume wangu amefariki, lakini mimi nakuja." Nikaandika, na Papa Onesphore akavua kofia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi hii sita, Baba Padri na jumuiya yetu ya Malvern, Gogo MaNgubane aliyelala mkekani na dada yangu siku zote sita na kutuletea chakula, wenzake wa Warwick Junction waliokuja leo na sare zao za kazi, wafanyabiashara wa Pinetown waliofunga vibanda kwa heshima yake, na kila aliyetufariji kwa simu, kwa mchango na kwa kukaa tu kimya nasi. Kama kuna begi lako limebaki kwake, Hardy anazo funguo, yote yameshashonwa.

Papa Athanase, baba Deborah, shemeji yangu, sasa pumzika, pumzika kwa amani ya Mungu aliyekuumba, na utuwie radhi kwa vigelegele utakavyovisikia tarehe 10 Oktoba, tutakuwa uwanja wa ndege tunamsindikiza mkeo.