Fundi Specioza Mboje, Aliyekataa Kuwa Mpita Njia

Baba Padre, katekista, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu wa Nkende, ndugu zetu Waislamu mliofika asubuhi ya leo kabla hata ya sisi wenye msiba kunawa uso, majirani na waombolezaji wote, poleni na tunawashukuru kwa kuja. Familia imeomba historia hii isomwe yote bila kukatwa, kwa sababu tangu Jumanne hadi leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, swali lililoulizwa kwenye msiba huu si kwamba marehemu alikufa kwa ugonjwa gani, bali kwamba atazikwa wapi, na jibu la swali hilo limo katika maisha yake yote, halikutungwa na mtu katika siku hizi nne.

Marehemu Specioza Mboje alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, Kishapu, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Mboje na mama Kabula, na mdogo wake ni Erasto, ambaye yuko hapa mbele yenu. Mwaka 1978, Specioza akiwa na miaka saba, mzee Mboje alisikia kwamba huku Tarime dhahabu inachimbwa kwa sururu na nguvu za mtu, akafunga godoro na sufuria, akaja na familia yake mpaka upande wa Nyamwaga, akajenga kibanda cha miti na turubai karibu na mashimo, akasema watakaa msimu mmoja tu warudi kwao. Msimu huo ulichukua miaka saba.

Watu waliokuja kuchimba pamoja na mzee Mboje, wa kutoka Shinyanga, Singida na Kigoma, walikuwa na desturi moja ambayo vijana wa leo wataiona kichekesho, lakini wao waliishika kama amri, kwamba mchimbaji hapandi mti ugenini, hajengi kwa tofali wala hanunui ardhi, maana kufanya hivyo ni kujitabiria kwamba kwenu hutarudi. Mama Kabula aliomba apande japo mpapai nyuma ya kibanda, mzee Mboje akamkatalia, akamwambia, "Papai hilo unampandia nani, mama Spe? Sisi ni wapita njia." Mpapai huzaa ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo familia ile ingekula mapapai miaka sita mizima, lakini haikula hata moja, na marehemu alikuwa akisimulia jambo hilo anacheka mpaka anashika ubavu, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1979 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na mashimo, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, na kabla majibu hayajatoka, tarehe 22 Novemba mwaka huohuo, shimo lilimwangukia mzee Mboje, akafariki. Wachimbaji walichanga kila walichokuwa nacho, zikauzwa zana, yakauzwa mabati machache, likakodiwa lori kumpeleka marehemu Kishapu, kwa kuwa haikuwezekana mtu wao akaachwa katika ardhi ya watu. Kule Kishapu, baada ya mazishi, mama Kabula aligundua kwamba shamba walilokuwa wakilitaja kila jioni kwa miaka saba lilikuwa limeshagawanywa kwa ndugu wengine, akamwacha Erasto kwa baba yake mdogo, akarudi Tarime na binti yake. Walipofika Januari 1986 walikuta barua, Specioza amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, msichana pekee kutoka kwenye vibanda vile, na ndani ya nyumba hakukuwa na kitu cha kumnunulia hata sanduku. Lori lililombeba baba lilikuwa limebeba na nafasi ya mtoto.

Ndipo historia yake ya kazi inapoanza. Mama Kabula alipata kibarua cha kufua nguo mjini Tarime, na moja ya nyumba alizofulia ilikuwa ya fundi Athumani Saadi, ambaye babu yake alitoka pwani enzi za ukoloni akiwa fundi nguo. Specioza, aliyekuwa akimsaidia mama yake kukamua mashuka, aliitazama nyumba ile kwa mshangao ambao hata uzeeni haukumwisha. Aliona nyumba ya tofali yenye baraza mbele na vyerehani vitano barazani, aliona sanduku la bati lenye hati ya kiwanja tangu wakati wa babu, aliona kijana wa muuza mikate wa jirani, naye mtu wa pwani, akijifunza kushona kwa Athumani na kijana wa Athumani akijifunza kuoka kwa muuza mikate, bila yeyote kulipana, na aliona kwamba mabinti wa nyumba ile walikuwa sekondari huku yeye, aliyefaulu, akikamua mashuka yao. Wote walikuwa wajukuu na watoto wa waliokuja kutoka mbali, wote majina yao hayakuwa ya Tarime, lakini wa upande mmoja walikuwa wenyeji kabisa na wa upande wa pili walikuwa bado wanakaa juu ya godoro lililofungwa.

Fundi Athumani hakuwahi kumfundisha mtu asiye wa kwao, lakini mkewe, Bi. Sabaha, alimwona binti akirudishia vifungo kwenye nguo alizofua bila kuagizwa, akamwambia mumewe, "Baba Yassini, huyu mtoto wa mashimoni ana mkono, usimwache akauharibu kwa sabuni." Aliwekwa kwanza kwenye pasi ya mkaa, mwaka mzima, kisha matundu ya vifungo, mwaka mwingine, ndipo akakabidhiwa mkasi, na Desemba 1990 fundi Athumani alimpa cherehani kama alivyowapa vijana wa kwao, akawaambia waliolalamika kwamba cherehani hakiulizi kabila.

Tarehe 24 Julai 1993 alifunga ndoa katika Kanisa Katoliki mjini Tarime na ndugu Salvatori, mchimbaji mwenyeji wa Kasulu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nice aliyezaliwa mwaka 1994, Simon mwaka 1996 na Eunice mwaka 2001, pamoja na wajukuu sita.

Sasa tunaomba msikilize vizuri sehemu hii. Tarehe 3 Oktoba 1996 fundi Athumani alifariki asubuhi, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshazikwa kwenye makaburi ya watu wao, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na siku ya nne vyerehani vilikuwa vinalia tena barazani, watoto wamerudi shule, hakuna kilichouzwa. Miezi mitano baadaye, tarehe 11 Machi 1997, alifariki mama Kabula, akasafirishwa Kishapu kama ilivyokuwa desturi, na safari hiyo ilichukua kila kitu, ikachukua na kile cherehani. Marehemu aliporudi alikwenda barazani kwa Bi. Sabaha kuomba kazi ya pasi upya, akiwa na miaka ishirini na mitano na watoto wawili. Bi. Sabaha, aliyekuwa mwenyewe ametoka eda karibuni, alimkalisha chini, akamwambia maneno ambayo marehemu aliyarudia mpaka wiki yake ya mwisho, "Mwanangu, wazee wetu walipofika hapa, hawakuanza kuomba kibanda cha duka, walianza kuomba mahali pa kuzika. Ukishazika mtu mahali, hakuna tena wa kukuuliza utaondoka lini."

Haki isemwe, watu wa Bi. Sabaha hawakuwa na akili kuliko wachimbaji, walikuja mapema, wakati ardhi ilikuwa inaombwa na kutolewa, na wachimbaji walikuja ardhi imeshaanza kuuzwa, tena marehemu alijua kwamba hata miongoni mwa wale wa pwani wapo waliokufa maskini. Lakini aliona kitu ambacho watu wake walikuwa hawajakiona, kwamba si shimo lililokuwa likiwafukarisha, bali njia ya kurudi nyumbani, ambayo kila msiba uliilipia upya.

Mwaka 1998 aliazima cherehani kwa Yassini, mtoto wa fundi Athumani, akapanda nacho basi mpaka Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, akashona sare za shule kwa miaka mitano, akirudi Tarime kila mwisho wa mwezi. Wazazi wa kule walimlipa mahindi, kuku na mbuzi, naye alikubali vyote, na kila sare aliiachia pindo pana, ili mama wa mtoto aifumue na kuishusha mtoto akirefuka, jambo lililomfanya asikose wateja, ingawa mafundi wengine walimcheka kwamba anajiharibia biashara ya mwaka unaofuata. Tarehe 30 Agosti 2003, kwa mbuzi wale, alinunua kwa mzee Gesabo kipande hiki cha ardhi tulichosimama, mbele ya mashahidi wa mtaa, kwa maandishi. Ndugu Salvatori, ambaye ametupa ruhusa tuyaseme haya, aliwaambia wenzake, "Wanaume wenzangu wake zao wananunua redio, wangu amenunua kaburi." Marehemu akamjibu mbele yao, "Redio utakufa uiache, baba Nice, hili hutaliacha." Kesho yake alipanda mti wa kwanza, na wote mnaujua, ulikuwa mpapai, na mipapai hii mnayoiona pale ukutani ni mbegu ya mbegu yake.

Baada ya hapo hakumwachia nafasi mtu yeyote wa mashimoni. Kijana akimsalimia, "Shikamoo, Fundi," alijibu, "Marahaba, umenunua kiwanja?" Aliwauliza mlangoni mwa kanisa, aliwauliza huku anawapima suruali, na mmoja aliyekuja kuomba ashonewe suti ya harusi aliambiwa aende kwanza akaonane na mzee Gesabo, suti itamngoja. Walimkimbia, walimwita wakala wa wauza ardhi, lakini leo ukihesabu kuanzia kona ile kuna nyumba kumi na moja za tofali, zote za watoto wa vibanda vya turubai, na katika nyumba hizo wamo muuguzi, walimu wawili na fundi umeme. Mwanamke mmoja, na cherehani cha kuazima. Hata sisi tuliokula chakula chake kila siku, tukiipita safu hii tunashindwa kuelewa alipata wapi nguvu hizo.

Lakini kitu kimoja kilibaki. Katika nyumba zote kumi na moja, kila mtu aliyefiwa bado alikodi gari, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuzika hapa. Presha ilimwanza marehemu mwaka 2019, na mwezi Mei 2023 madaktari Mwanza walimwambia figo zimeshindwa, akawa anakwenda kusafishwa damu, akirudi anakaa kwenye cherehani. Januari mwaka huu aliita familia yote, akamwonyesha Simon kona ya kiwanja ambayo hakuwahi kuilima, akasema, "Mkinipeleka Kishapu mtakuwa mmezibomoa nyumba zote hizi kwa mkono mmoja. Nani atakaa, kama mimi nimeondoka?" Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Jumatano alasiri Erasto alifika kutoka Kishapu na wazee watatu na gari la kubebea mwili, naye alikuwa na haki yake, maana baba na mama wamelala kule. Maneno yalikuwa makali, wengine hapa mliyasikia, wazee wakasema mtoto wa Mboje hawezi kutupwa ugenini kama mtu asiye na ndugu. Alhamisi asubuhi Bi. Sabaha, ambaye sasa haoni vizuri, aliletwa na Yassini ameshikwa mkono, akamwomba Erasto amtembeze kwenye safu hii, nyumba moja baada ya nyingine, na katika kila nyumba alitoka mtu akamwambia Erasto ni nani aliyemuuliza habari ya kiwanja. Nyumba ya mwisho ilikuwa hii. Erasto alisimama kwenye mipapai, akachuma papai moja, akalitazama, yeye ambaye alikuwa na miaka kumi wakati wa lori lile, akawaambia wazee wake, "Kumbe dada alishahama zamani, sisi ndio hatukupata habari." Kisha aliomba jembe, na jembe la kwanza katika kaburi hili ni lake. Gari lilirudi Kishapu tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa Tarime waliomhudumia kwa miaka miwili bila kumchoka, mafundi wenzake waliofunga vyerehani vyao wiki nzima, familia ya marehemu fundi Athumani, iliyotuletea maturubai na masufuria kabla hatujaomba, wazazi wa Kenyamonta waliokuja na watoto wao wamevaa sare, majirani wa safu hii yote, na wazee wa Kishapu ambao wamekubali kula chakula chetu na kutoa baraka. Kama kuna mtu alikuwa anamdai nguo, imekamilika, iko barazani, ina jina.

Fundi Specioza, baba alikuja kwa msimu mmoja, na wewe leo umeufunga. Hakuna gari linalokusubiri, hakuna godoro lililofungwa. Pumzika kwa amani, mama, hapa hapa kwako.