Tamatoa Rangiura na Taa Nyekundu za Milangoni

Marehemu Tamatoa Rangiura, ambaye wengi wenu mlimwita Papa Tama, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 katika kijiji cha Ivirua, kisiwani Mangaia, Visiwa vya Cook. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Papa Ngatupuna, mkulima wa magimbi, na Mama Akaiti.

Alisoma shule ya msingi hapo Ivirua. Darasani hakung'ara, ila mikono yake haikutulia. Akiwa na miaka kumi aliifungua tochi ya mchungaji katikati ya ibada, akashindwa kuifunga. Mchungaji hakumchapa. Alimkabidhi vipande vyote ndani ya leso, akamwambia, "Jumapili ijayo niletee inayowaka." Ililetwa, na iliwaka.

Mwaka 1981 alimfuata mjomba wake Auckland, New Zealand. Mchana alifanya kazi kiwandani, jioni akisomea umeme wa magari, na mwaka 1985 akapata cheti. Alirudi mwaka 1991, akafungua karakana hapa Arorangi, kisiwani Rarotonga. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Vaine Manuela, wakajaliwa mabinti wawili, Akaiti na Ngapoko. Mdogo wake Vaine, Tutai, alikuwa na miaka kumi siku ya harusi. Tangu hapo alishinda zaidi karakanani kwa shemeji yake kuliko nyumbani kwao.

Kuanzia mwaka 2006 marehemu alijulikana kisiwa kizima kwa taa za LED za milango ya magari. Ukifungua mlango, jina la ukoo wako linaandikwa chini kwa mwanga wa samawati. Vijana walipanga foleni.

Familia ilijadiliana kama yanayofuata yasomwe. Mjane wake, Mama Vaine, alisema yasomwe.

Jumamosi tarehe 18 Juni 2011, Tutai alipita karakanani asubuhi akielekea shambani.

"Shemeji, hilo gari umelioa lini? Dada anajua?"

"Pita huko! Unamwonea wivu dada yako?"

Walicheka. Saa kumi na mbili jioni ilipopita kidogo, marehemu alikuwa ameketi ndani ya gari hilo la mteja, limeegeshwa kando ya barabara, akijaribu taa alizomaliza kufunga. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alifungua mlango wa dereva mara tatu na kuufunga. Mara ya nne macho yake yalikuwa chini, kwenye maandishi. Hakutazama nyuma. Tutai alikuwa anakuja kwa pikipiki kutoka mazoezi ya kwaya, akagonga ukingo wa mlango. Alifia mapajani mwa shemeji yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na aliacha mke, Tere, na binti wa miaka miwili.

Marehemu alikiri kosa mahakamani, akapokonywa leseni ya udereva. Mama Vaine alirudi kwa mama yake kwa miezi saba. Karakana ilifungwa. Februari 2012, mama mkwe wa marehemu, Mama Ngapoko, ambaye mjukuu wake amerithi jina lake, alimkuta ameketi peke yake barazani.

"Umekaa tu?"

"Nimekaa, Mama."

"Mwanangu harudi kwa kukaa kwako. Hizo taa zako zote zinaangaza chini, watu waone viatu vyao. Anayekuja nyuma anaona nini?"

"Haoni kitu, Mama."

"Basi."

Aliondoka bila hata kunywa maji.

Wiki hiyo marehemu alifungua karakana. Alitengeneza ukanda wa taa nyekundu unaofungwa kwenye ukingo wa mlango, ukielekea nyuma, unaowaka mara tu kitasa kinapovutwa, kabla mlango haujafunguka. Aliwafungia wote waliokuja, bila malipo. Walioomba na za samawati aliwajibu, "Za chini siweki." Yeye mwenyewe hakushuka tena upande wa barabara. Hata alipoketi kwenye usukani, alijiburuta mpaka kiti cha abiria, akashukia huko, mpaka mwisho.

Mwaka 2015 aligundulika na kisukari, na mwaka 2022 figo zikashindwa kufanya kazi. Alitibiwa Auckland, kisha Mei mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani.

Mwezi wa Agosti Tere alikuja. Miaka kumi na miwili hakuwa amemsemesha, hata siku alipoleta gari lake lifungwe taa.

"Papa Tama, taa ya mlango wangu imezima."

"Nitaiangalia nikipona."

"Hutapona."

"Basi lisogeze gari hapa dirishani."

Alimwelekeza kutoka kitandani. Tere alivuta kimpira kinachofunika waya karibu na bawaba, akakuta waya umekatika kwa kukunjwa kila siku.

"Ukiunganisha, uache ulegee. Ukiubana utakatika tena."

Ilimchukua Tere karibu saa mbili. Taa ilipowaka alikusanya vifaa, akasema, "Sikuja kukusamehe. Nilikuja kwa ajili ya taa."

"Najua," alijibu marehemu. "Asante kwa kuja."

Alifariki Jumanne tarehe 5 Septemba 2023, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Vaine, mabinti, Akaiti na Ngapoko, wajukuu watatu, na dada yake, Teupoko, wa Mangaia. Tere Manuela, mjane wa Tutai, ameomba jina lake na la binti yake, Mereana, yaandikwe humu, bila maelezo.

Udongo wa Arorangi umpokee Tamatoa, na Mungu ampe pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata.