Jina la Mdogo Wangu Siku ya Nane

Kijiwe chetu ni gogo la mtende lililolazwa ukingoni mwa mfereji, hapa kijijini kwa watu wa Yuda tuliohamishwa, mwendo wa siku mbili kutoka Babeli. Katikati hukaa mtungi wa pombe ya tende, na kila mmoja huja na mrija wake. Sabato ile mdogo wangu alikuwa ametimiza siku nane. Ilikuwa siku yake ya kutahiriwa na kupewa jina, na baba alikuwa hajalitaja. Mama alinituma nikakae karibu na gogo, mtoto mapajani, nisikilize. Tangu babu afariki hakuna anayenifundisha herufi, kwa hiyo mengi ninayoyajua nimeyaokota pale.

Mwenye kisu ni Mzee Lango, aliyekuwa bawabu Yerusalemu kabla haijachomwa.

— Baba Hogla, alimwita baba kwa jina langu, kisu nilikinoa jana. Jina?

— Belidini, alisema baba.

— Jina la mungu wa Babeli! Kwa mtoto wa Yuda?

— Huyo ndiye aliyeshinda, mzee. Wetu hana nyumba, hana mfalme, hana hata mbuzi wa kuchinjiwa. Mwanangu ataishi hapa. Aitwe kwa mshindi.

Nilimfunika mtoto masikio.

— Tulijiangusha wenyewe, alisema Mzee Lango. Samaria ilianguka kwa sababu ya vitanda. Vya pembe za ndovu, laini! Mtu akilala pale haamki hata Mwashuri akipiga teke mlango.

— Unatupanga, mzee. Na Yerusalemu?

— Mikate. Wanawake walimwokea malkia wa mbinguni, yule mungu mke wa kigeni.

— Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wao, alisema baba. Alisema mji ulianguka walipoacha kuoka.

— Labda walipunja unga!

Huyo alikuwa Nusu Nabii. Tunamwita hivyo kwa sababu ndoto zake huishia katikati. Alichomoa mrija mdomoni.

— Sikilizeni. Mungu ndiye aliyemkodi mfalme wa Babeli. Yule ni kibarua tu.

— Amkodi aje kubomoa nyumba yake Mungu mwenyewe? aliuliza Mzee Lango.

— Ndiyo! Mjane analia mlangoni, sisi tuko ndani tunafukiza ubani. Akachoka. Akasema, bomoa, hawa nitatembea nao kwa miguu.

— Umeota?

— Juzi.

— Mlifika wapi?

— Mtoni. Nikaamka.

Walicheka wote isipokuwa baba.

— Ndoto, alisema. Nionyesheni kitu kimoja ambacho Mungu wetu bado anakitawala. Kimoja tu, nami nabadili jina.

Ndipo akaja mtu mnene, tope hadi magotini, anahema.

— Jamani, habari zenu! Mimi Rimuti. Mashua yangu ya vitunguu imekwama pale kwenye kona. Nipeni watu watatu tuivute. Kila mmoja anaondoka na kapu zima.

— Leo hapana, alisema baba kabla wengine hawajafungua midomo. Njoo jua likizama.

— Mnaumwa?

— Wazima kabisa.

— Msimamizi wa mfereji kawakataza?

— Yule? Akituona tumekaa hivi atatuchapa.

— Basi ni mfalme wenu.

— Mfalme hatuna.

Rimuti alijikuna kichwa. Hakuwa anatania, alitaka kujua.

— Sasa wewe, ndugu yangu, unamtii nani?

Niliona macho ya baba yakienda mpaka ukutani kwetu, kwenye jembe aliloliegemeza jana jua lilipozama, Sabato ilipoingia. Hakuna aliyemwambia aliweke chini. Mzee Lango alivuta mrija wake, ukakoroma. Mtungi ulikuwa umekwisha.

Baba akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

— Hata mimi! Hana ukuta, hana askari hata mmoja, na hata mimi kanikalisha chini!

Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamwinua juu.

— Igdalia! Yaani, Bwana ni mkuu! Mzee, lete kisu!

— Na vitunguu vyangu? aliuliza Rimuti.

— Jioni, kaka! Tutaivuta mashua na wewe ukiwa ndani!

Nusu Nabii alirukaruka na mrija wake kama mtoto. Mama, ndani, alipiga vigelegele vilivyofika ng'ambo ya mfereji, mpaka kwa msimamizi.

Kesho yake niliokota kigae, nikaliandika jina lile kwa herufi alizoniachia babu. Zilitosha.