Mwandishi Mwenza wa Naliaka

Zilibaki siku mbili Novemba ianze. Wakiuru alikuwa kwenye foleni ya gari la Mukurweini pale Nyeri, aliposikia sauti ya Naliaka mbele yake. Miaka mitatu mfululizo walimu hawa wawili walikuwa wameandika riwaya pamoja kila Novemba, riwaya nzima kwa siku thelathini. Mwaka huu Naliaka alikuwa amesema amechoka. Sasa alikuwa na kijana aliyeshika daftari jipya.

"Wewe Theuri utaandika asubuhi, mimi jioni," Naliaka alisema. "Tukiwa wawili hatushindwi."

"Na yule mwalimu mlikuwa mnaandika naye?"

Wakiuru akajifunika leso kichwani, ila masikio akayaacha wazi.

"Wakiuru? Ako na maneno mazuri kunishinda. Hiyo ndio shida. Nikiandika sura, anafuta, anaandika upya. Mwishowe kitabu ni yake, mimi niko tu jina hapo juu."

Wakiuru alikuwa amejiandaa kwa matusi, na majibu alikuwa nayo. Sifa hakuzitarajia. Alilitazama lile daftari jipya kwa wivu.

"Sura zako zilikuwa mbaya!" akaropoka.

Foleni nzima ikageuka. Naliaka akamtazama bila kupepesa macho.

"Ni kweli, Mwalimu. Lakini zilikuwa zangu."

Gari likasimama. Kondakta akaita watu watatu tu, wakaingia hao watatu. Kiti kilikuwa kimoja kirefu cha nyuma. Theuri akakaa katikati.