Aliyefunga Bomba la Shamba la Kiu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na niseme wazi kwamba ofisi yake imetuletea historia iliyokwisha kuchapwa, ukurasa mmoja safi, ambamo kunde yake haikutajwa hata mara moja, nami nimeukunja, nitasoma ya kwetu.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kunde, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule Januari 1968, akamaliza kidato cha nne Novemba 1978 akiongoza katika biolojia, mwalimu akamwambia baba kwamba mtoto huyu ana swali kwa kila jibu, baba akafurahi akidhani anasifiwa. Alipata stashahada ya kilimo mwaka 1982.

Tarehe 2 Juni 1983 aliajiriwa kituo cha utafiti wa mazao ya mikunde, ambako mapema asubuhi aliinama kati ya mistari, akifungua ua changa kwa kibanio, akipaka chavua ya mmea mwingine na kufunga uzi mwekundu, akitafuta mmea mmoja wenye vinasaba vya kuzaa sana na vya kuvumilia ukame pia. Wakubwa walimwambia hivyo viwili havikai chungu kimoja, naye akaendelea kufunga nyuzi kwa miaka ishirini na tatu, hadi akapata kunde aliyoiamini.

Tarehe 10 Desemba 1988 aliolewa na fundi umeme, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mwana mwaka 1993, waliojifunza kuhesabu kwa punje za kunde juu ya meza ya chakula, na ole wake aliyechanganya bahasha za mbegu.

Agosti 2006 wageni wakubwa walitarajiwa kituoni, na shamba la majaribio ya ukame, ambalo halitakiwi kupata hata tone ili ijulikane mmea upi unavumilia, lilikuwa limekauka kama inavyopaswa, lakini mkuu wa kituo akaona haya, akaagiza limwagiliwe lipendeze. Marehemu alifunga bomba kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia, "Mzee, hili ni shamba la kiu, ukilinywesha litatudanganya sote."

Kufuli lilivunjwa, maji yakamwagwa, mimea yote ikanawiri sawasawa, ripoti ikaandikwa kwamba kunde yake haina tofauti na nyingine, yeye akapelekwa ghalani na mbegu yake ikaamriwa ichomwe. Wenzake wa ghala walichoma makapi, mbegu wakamletea nyumbani, Mungu awabariki, akaipanda nyuma ya jiko mwaka hadi mwaka, akiandika kila ganda katika daftari. Mvua ilipokata mwaka 2021, kituo kilikuja kuiomba, ikapandwa, ikazaa wakati nyingine zote zimelala chini, na sasa wanataka kuipeleka kwa wakulima kwa jina la mkuu yuleyule. Nina hasira, ndugu zangu, na sioni sababu ya kuificha.

Mei 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, alipofariki nikiwa nimemshika mkono. Siku tatu kabla, ofisi ilimtuma mtu kitandani kwake kuchukua daftari, akamjibu, "Mwambie mkuu wako kunde ina mama."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia kuku wenu kufukuzwa na mgonjwa mwenye fimbo, na wafanyakazi wenzake, hasa wa ghalani. Kwa mkuu wa kituo, ambaye namwona mstari wa pili, tunakushukuru kwa kufika, daftari zote kumi na tisa zipo chumbani kwangu, na hazitatoka mpaka fomu ya kusajili mbegu ile iandikwe jina la aliyeizalisha.

Pumzika kwa amani, dada yangu, sisi bado tupo macho.