Shangazi wa Wodi Zote

Mama Mashuka, kama wengi mlivyozoea kumwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili na wa mwisho kwa wazazi wake. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa na kumtangulia kufa, ndiye baba wa huyu anayewasomea wasifu huu. Kwa hiyo humu ataitwa shangazi, na mtavumilia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza la saba mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, ila mwandiko wake ulikuwa wa kupigiwa mfano, hata mwalimu mkuu akawa anamwandikisha majina kwenye vyeti vya wenzake. Sekondari hakwenda. Mama yao aliugua mwaka ule, na aliyebaki nyumbani kumuuguza ni yeye.

Tarehe 1 Julai 1978 aliajiriwa kuwa dobi katika hospitali kuu ya wilaya. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, kati ya tangi la maji na jenereta, kikiwa na mashine mbili: moja ya kufulia, nyingine ya kutolewa vipuri vya kuponya ile ya kwanza. Shuka lililopita mikononi mwake lilikunjwa pembe kwa pembe. Siku moja daktari mgeni alijifutia mikono kwenye shuka safi, naye akamwambia, "Daktari, mbona mimi sijafutia sabuni kwenye koti lako?" Daktari aliomba radhi, na hadi anahamishwa hakuonekana tena bila leso mfukoni.

Tarehe 22 Desemba 1984 aliolewa na fundi wa jenereta, mtu wa maneno machache, ambaye uchumba aliuanza kwa kupeleka ovaroli ifuliwe ilhali haikuwa chafu. Hawakujaliwa mtoto. Mnamo Februari 1999 fundi alilazwa kwa nimonia. Siku ya nne, mashuka ya wodi ya wazazi yaliisha, shangazi akanyimwa ruhusa ya kutoka. Mumewe alifariki saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa wageni wa watu wengine, na mkewe yuko hatua hamsini tu, anaanika. Hakukuwa na mtu aliyekaa naye.

Hilo halikumtoka moyoni. Tangu mwezi uliofuata alianza kufua mapema, ili saa kumi jioni awe amemaliza. Alivua aproni, akajipaka mafuta, akaenda kumtafuta mgonjwa asiye na mgeni. Wodini lazima mgeni aandike kwenye daftari jina lake na uhusiano wake na mgonjwa. Yeye, kwa mwandiko ule ule wa vyeti, aliandika: shangazi.

"Mama, jana ulikuwa shangazi wa dereva, leo wa mganga wa kienyeji," mlinzi wa mlangoni alimtania. "Ukoo wako hauna mpaka?"

"Acha hivyo hivyo," alijibu. "Wote wana pua kama yangu."

Alipostaafu mwaka 2017 aliendelea kwenda. Hakuwa na makuu: aliketi, akauliza kama mtu amekula, akanyoosha shuka, akanyamaza naye.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2022. Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, alianguka jikoni kwake, jirani akamkimbiza hospitali, akalazwa kitanda cha kumi na nne. Hapa ndipo sisi sote tulipokosea, na si haki kulificha hapa mbele ya jeneza lake. Wafanyakazi wa hospitali walijua ana ndugu wa kumwaga, maana daftari lilijaa ndugu zake. Wakasema, tusiwasonge, familia itakuja. Sisi wa familia tukasema, hospitali ndiyo nyumbani kwake, yuko na watu wake.

Kwenye fomu, penye jamaa wa karibu, alikuwa ameandika: binti wa kaka yangu. Muuguzi alipiga namba ile mara tatu, haikupatikana. Binti huyo alibadilisha namba miaka miwili iliyopita, akawapa watu wote isipokuwa shangazi yake. Habari alizipata Alhamisi kutoka kwa jirani. Akasema ataenda Jumamosi. Jumamosi kukawa na kikao cha harusi, naye alikuwa katibu.

Alifika Jumatano, tarehe 15 Mei, saa kumi na dakika arobaini. Mlinzi akamuuliza, "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mtoto wake," akajibu. Hakuwahi kulisema neno hilo shangazi akiwa anasikia.

Mlinzi alivua kofia. Shangazi alikuwa amefariki saa kumi na dakika ishirini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisema kwamba kila siku, ikifika saa kumi, shangazi alijipaka mafuta, akanyoosha shuka lake mwenyewe, akageukia mlangoni. Kwenye daftari, kwa siku zote tisa alizolala pale, hakuna aliyeandikwa kumwona. Binti aliandika jina lake hata hivyo, na muuguzi hakumzuia.

Ameacha binti mmoja wa kaka yake, wajukuu wawili, na wote aliowaandikia kwa mkono wake kuwa ni shangazi yao. Baadhi yao wamesimama pale nyuma, karibu na lango. Tunawaomba msogee mbele mkae na familia, maana nafasi ipo.

Mungu akulaze pema, shangazi yetu. Tumekuja kukuona, tusamehe kwa saa tuliyofika.