Mzee Tharcisse Ntibashirwa na Nasaba za Farasi wa Telki

Ndugu waombolezaji, Mzee Tharcisse hakupenda porojo, kwa hiyo tutasema machache na ya kweli.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 huko Vyanda, Bururi, nchini Burundi, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1972 aliyakimbia mauaji, akaingia Tanzania peke yake. Majina ya aliowaacha nyuma hakuyataja tena. Binti yake Iteka akimuuliza, alijibiwa, "Kula kwanza, mwanangu." Basi Iteka alikua bila kujua bibi yake aliitwa nani, na jambo hilo lilimuuma sana.

Alimaliza darasa la saba Ulyankulu, Tabora. Hapohapo, tarehe 16 Agosti 1986, alifunga ndoa na Donatienne. Mwaka 2008 walihamia Toronto, wakakaa Scarborough.

Mwaka uliofuata, Bi. Naheed, mzaliwa wa Mwanza, alimhoji kwa kazi ya zizini kwake Pickering. Bi. Naheed alifuga farasi wa telki wa aina adimu, wenye hatua fupi za haraka zisizomrusha mpandaji hata akiwa na chai mkononi.

"Farasi unawajua?"

"Najua ng'ombe, dada. Farasi watanifundisha wenyewe."

Walimfundisha. Naye kila asubuhi aliwakariria nasaba zao, mama kwa mama, kama wafanyavyo wafugaji wa kwao. Madume hakuyahesabu. "Baba ni mpita njia," alisema, na Mama Donatienne akamwambia chakula cha mpita njia kiko barabarani.

Novemba 2024 alipatikana na saratani ya kongosho. Mwezi huohuo bomba lilipasuka zizini, maji yakaharibu daftari pekee la vizazi. Bila nasaba, ndugu wa mama mmoja wangepandishwa wao kwa wao, na aina ile ingekwisha. Mzee akamwita Iteka hospitalini aje na kalamu. Alikariri siku tatu, akipumzika na kuendelea. Alipomaliza nasaba ya farasi wa mwisho, hakunyamaza.

"Barinakandi, wa Ntakarutimana, wa Inarunyonga..."

"Baba, huyo Barinakandi ni wa rangi gani?"

"Huyo ni mama yangu. Andika."

Iteka aliandika huku analia.

Mzee alifariki tarehe 2 Machi 2025, saa moja asubuhi. Ameacha mjane, Donatienne, watoto, Iteka, Elysée na Divin, wajukuu wanne, na farasi thelathini na mmoja. Ametanguliwa na mama yake, Barinakandi. Bibi yake, Ntakarutimana. Na mama wa bibi yake, Inarunyonga.

Mwana wa Barinakandi, pumzika kwa amani.